Nilivyojibu Usaili Kama Bariyeri

Jana mchana, nikiwa nimejilaza baada ya kula, Diane alikuja kugonga. Ni binti wa jirani yangu hapa Kamembe. Ana leseni mpya ya urubani ambayo hata pembe hazijakunjika, na alikuwa amevaa koti la kaka yake lililomfunika mpaka vidole.

"Papa Aline, samahani nakuamsha. Nimeitwa usaili Kigali, kwa kampuni ya ndege. Unisaidie kujitayarisha."

"Lini?"

"Kesho kutwa."

Nikarudi kukaa. "Kesho kutwa! Mutoto, kesho kutwa njo siku ya kupiga koti pasi. Haiko siku ya kuanza." (Njo ya kwetu ni ndiyo.)

Alicheka, akaona mimi sicheki, akakaa. Nilimpa chai, nikamwuliza maswali mawili matatu, akajibu akitazama meza. Alipoondoka niliona nimemkaripia bure. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wengine mliobaki na muda, ninyi wa sekondari mnaosimama kwenye ua wa kiwanja kutazama ndege ikishuka na kusema "siku moja". Hiyo siku moja muianze sasa. Mimi sina nguvu ya kusema jambo mara nyingi. Sikio langu la kulia lilibaki kwenye injini, mgongo ulibaki kwenye viti, na kinywa changu tangu zamani hakikuwa kinywa cha mtu wa kusema.

Hilo la mwisho ndilo shida yenyewe.

Nilikuwa mtoto wa haya. Kule Bukavu nilikokulia, Kadutu, mwalimu akiniuliza kitu nilichokijua, nilikijua kimoyomoyo na kuendelea kukaa. Jioni niliandika kwenye daftari langu kile ambacho ningejibu, pamoja na hasira zangu zote. Urubani niliupenda kwa sababu nilidhani ni kazi ya mtu aliye juu peke yake, mbali na watu, hakuna wa kumwuliza kitu. Mnaweza kucheka. Sijaona kazi nyingine yenye maswali mengi hivi. Mnara unakuuliza, mwenzako anakuuliza, mwenye ndege anakuuliza, na mkitua wanakuja wengine kuuliza, wenye bunduki.

Hapo sasa niwaambie kitu ambacho ninyi, Mungu asifiwe, hamkijui vizuri. Baada ya yale ya tisini na nne, familia yetu ilivuka daraja la Rusizi kurudi katika nchi ambayo mimi niliijua kwa hadithi za mama tu. Nchi ilikuwa bado inazika watu wake. Ng'ambo kule vita ilianza, ikaisha, ikaanza tena. Kila mahali kulikuwa na bariyeri, yaani kamba au gogo barabarani, na kijana ameshika silaha. Na kila bariyeri ilikuwa na swali lilelile: unatoka wapi?

Ninyi mkiulizwa hivyo mnajibu. Sisi tulitazama kwanza viatu vya anayeuliza, tukasikiliza lugha yake, ndipo tukajua tumezaliwa wapi. Mimi nilikuwa na mahali pawili pa kuzaliwa, na pa tatu nilikuwa napatunza pembeni. Mikono ionekane. Jibu lile uliloulizwa, usiongeze. Anayeongeza anafungua mlango, na hajui nani ataingia.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nilipoanza kuruka na Mzee Bahati.

Mzee Bahati alikuwa Mkongomani wa Bukavu, kapteni wa ndege ndogo ya mizigo iliyokuwa inalala hapa Kamembe. Tumbo kubwa, miguu myembamba, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Mimi nilikaa kiti cha kulia, rubani msaidizi. Tulipeleka chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia na dawa huko ndani, nyuma ya milima ya Kahuzi, ambako barabara zilikuwa zimekufa. Piste zenyewe, yaani njia za kutulia ndege, zilikuwa udongo na majani. Mzee alinifundisha kuondoka asubuhi mapema, kabla Kahuzi haijavaa mawingu. Alinifundisha kupita juu ya piste mara moja bila kutua, kuangalia kama kuna mbuzi, shimo, au watu wanaosimama vibaya. Tukitua, tulizima injini ya kushoto, upande wa mlango, tukaacha ya kulia inazunguka huku wanashusha magunia. Mvua, jua, injini ile haikuzimwa. Ndiyo maana nawaambia sikio langu lilibaki pale.

Na alinifundisha kunyamaza kwenye redio. Kule redio zilisikilizwa na watu wengi ambao hawakuwa mnara. "Sema kidogo," alisema Mzee, "na hicho kidogo ukiseme ukiwa umeisha fika." Sikuhitaji somo hilo. Tungeweza kwenda na kurudi nimesema maneno ambayo hayajai kiganja, na Mzee alinisifu kwa watu: "Huyu njo copilote. Hata ndege haijue kama yeye iko ndani."

Nyumbani sifa hiyo haikupendwa. Mke wangu, Maman Aline, alikuwa anauza vikwembe, vitambaa vya kujifunga. Alivuka kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza karibu kila siku kuchukua mali Bukavu na kuipandisha Kamembe. Kuna ndege mbili za kazi kama yetu zilikwenda huko ndani na hazikurudi, na tulifahamu waliokuwa ndani yake. Hakulia mbele yangu. Siku moja tu, akikunja kitambaa, alisema bila kunitazama:

"Papa Aline, mie siko mwanamuke wa kusema acha kazi. Lakini tafuta ndege ingine. Yenye inabeba bantu benye kukata tiketi. Hii yenu, siku moja utaniachia batoto na vikwembe."

Basi ndipo niliposikia kwamba kuna kampuni ndogo Kigali, haipo tena siku hizi, inataka kuanza safari za abiria na inatafuta marubani wasaidizi. Niliandika, wakaniita. Nilifurahi nikaona nimeshafika. Saa za kuruka nilikuwa nazo, leseni nilikuwa nayo, cheti cha daktari nilikuwa nacho. Kujitayarisha? Kujitayarisha nini tena? Mimi naruka kila siku.

Nilipanda basi asubuhi ya siku yenyewe. Ninyi mnaijua njia ya msitu wa Nyungwe, ilivyokuwa kabla hawajaitengeneza vizuri: kona juu ya kona, mama mmoja anatapika mbele, mtoto mwingine anatapika nyuma. Nilifika Kigali koti limekunjamana kama karatasi ya mkate, na kwenye kiatu kitu ambacho hakikuwa changu. Nilijipangusa kwa majani pale nje, nikaingia. Somo la kwanza hilo, na halihitaji akili: nenda siku moja kabla. Lala kwa shangazi, kwa binamu, hata kwa mtu usiyempenda. Oga. Kula.

Ndani walikuwa wawili. Mmoja mwanamke wa makamo, mwenye kuajiri, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Mwingine rubani wao mkuu, mwanamume mrefu mwenye mvi. Waliniambia kaa. Nilichagua kiti cha karibu na mlango. Niliketi ukingoni, nikaweka mikono yote miwili juu ya meza, imefunguka.

"Karibu," alisema yule mama. "Tuambie juu yako."

Nikasema jina langu na jina la baba.

Alingoja. Nami nikangoja.

"Unatoka wapi?"

"Kamembe."

"Na kabla ya Kamembe?"

Nikatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vya kawaida, vyeusi. Havikunisaidia. "Kwingine," nikasema.

"Umeruka wapi hasa?"

"Huko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani."

"Mlibeba nini?"

"Magunia."

Rubani mkuu alikohoa. Aliniuliza mambo ya ndege: mafuta, uzito, injini ikizimika wakati wa kuondoka unafanya nini. Nilijibu yote, na nilijibu sawa, lakini kila jibu lilikuwa neno moja au mawili, kama mtu anayetoa hela kidogo kidogo mfukoni ili wasione zimebaki ngapi. Mwisho akaegemea kiti, akasema polepole, bila ubaya:

"Bwana. Hatukukamati."

Yule mama akageuka dirishani. Nilidhani anacheka, au labda anafanya kitu kingine. Sikujua mikono yangu niiondoe mezani au niiache.

Waliniambia wataniandikia. Rubani mkuu alinisindikiza mpaka kwenye lango, na pale akasema kitu ambacho namshukuru mpaka leo. "Unajua kuruka, hilo nimeliona. Lakini mimi nikikaa na wewe kule mbele, sitajua unaona nini. Mtu wa kiti cha kulia asiyesema ni gunia lenye leseni. Mvua zikirudi tutatafuta wengine. Jifunze kusema, uje."

Nilirudi na basi lilelile. Msituni nilitapika na mimi.

Maman Aline alinisikiliza nikisimulia, mkono kwenye mdomo. Nilipofika kwenye mikono mezani alishindwa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vitambaa vyake. "Papa Aline weee! Ulibajibu kama bariyeri! Banakuuliza kazi, weye unabaonesha mikono!" Halafu kicheko kikakatika ghafla, akafuta macho, akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Tutafanya nini sasa na hiki kinywa chako."

Kutoka siku ile mpaka mvua zirudi, nyumba yangu iligeuka chumba cha usaili. Na hapa ndipo nataka mshike kalamu, kwa sababu kitabu cha ndege mtakisoma wenyewe, mna vichwa vizuri kuliko changu. Lakini kusema hakusomwi kwa siku mbili. Mimi kulinichukua msimu mzima wa jua.

Jioni, Maman Aline akikunja vikwembe vya kesho, nilisimama mbele yake uani.

"Bwana, tuambie juu yako."

"Mimi naitwa..."

"Nguvu! Hata kuku haisikie."

"Mimi naitwa..."

"Unatazama wapi? Mie niko hapa. Chini hakuna muntu."

Jirani yetu, Maman Chantal, akachungulia juu ya ua. "Maman Aline, njo nini? Unamutesa bwana?"

"Namuuliza tu yeye ni nani."

"Eh! Na miaka yote mumelala naye, haujue?"

Walicheka hao wawili, na mimi nikiwa nimesimama pale na haya yangu kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Lakini kesho yake nilisema tena. Kesho kutwa tena. Aline wetu, mdogo bado, akaanza kulijua jibu langu kuliko mimi, akalisema akicheza na wenzake.

Ugumu haukuwa maneno. Ugumu ulikuwa pale kwenye "nilizaliwa Bukavu". Kila nikifika hapo, nilirukia kwenye shule. Nilikuwa mtu mzima, niko kwenye ua wangu, anayeniuliza ni mke wangu mwenye kujua kila kitu, na bado mwili ulikuwa unatafuta viatu vya kutazama. Msidhani mwili unasikia redio ikitangaza kwamba vita imeisha. Kwa hiyo tulikipitia kile kisehemu peke yake, tena na tena, mpaka siku moja kikatoka kama jina la barabara. Maman Aline alinipa upande mmoja wa kitambaa nimsaidie kukunja.

Mzee Bahati nilimficha kwanza. Mnaelewa: nikipata kazi Kigali, yeye atabaki bila mtu wa kiti cha kulia, na siku zile hawakuwepo wengi waliokubali kukikalia. Nilisema nitamwambia wiki ijayo, kila wiki. Yeye akanitangulia. Tulikuwa tunakagua ndege asubuhi, ameinama chini ya bawa, nikasikia sauti kutoka kule chini, ikiutaja usaili kwa Kifaransa:

"Banasema unafanya antretie na kuku zako."

"Mzee..."

"Banasema hata kuku zimekukataa."

Nikamwambia yote: Kigali, mikono mezani, gunia lenye leseni. Alitoka chini ya bawa, akajinyoosha mgongo kwa shida. Nilidhani atakasirika. Alitazama milima ya ng'ambo muda kidogo, akavuta kofia yake.

"Kunyamaza njo mie nilikufunza," akasema. "Basi njo mie nitakufunza kusema. Panda."

Siku ile na siku zote zilizofuata alinifanya niseme kila nilichokiona. Si kwenye redio. Kwake. "Kila kitu macho inashika, kinywa inasema. Anza."

"Naona mafuta sawa. Naona joto la injini ya kulia limepanda kidogo kuliko la kushoto."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo kama jana."

"Endelea."

"Naona ziwa. Naona mawingu upande wa Kahuzi, chini ni meupe, juu yanaanza kuwa meusi. Nafikiri tupite kusini yake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... naona hivyo."

"Hapana. Kwa sababu gani? Anza na sababu. Mie niko muzee, niko mukaidi, unataka nigeuze ndege. Nishawishi."

Siku nyingine tulipokuwa tunatoka Bujumbura tukipanda na bonde, nilisema mto Rusizi uko kushoto, tambarare ya Bugarama iko mbele, mawingu yameshuka upande wa Nyakabuye lakini Gitambi kuko wazi, na kuna moshi wa shamba, na kuna gari la manjano barabarani. Mzee akaniangalia. "Sasa umekuwa kama radio ya soko. Gari ya manjano njo itatuangusha?" Kumbe hata kusema kuna kiasi chake. Kwa hiyo mjue pia: anayewasaili hataki mkoba wote umwagwe mezani. Sema unachokiona, sema unafikiri nini juu yake, sema unashauri nini. Kisha mwache mwenzako apate nafasi ya kusikia. Na kama hujui, sema sijui. Neno hilo ni fupi, linafaa hata watu wa haya.

Kuna asubuhi moja tulipita juu ya piste moja huko ndani, tunaijua vizuri, tulishatua pale mara nyingi. Majani yamefyekwa, hakuna mbuzi, watu wanasimama kando. Mzee akageuza kuja kutua. Mimi nikatazama tena na kitu hakikunikaa sawa. Zamani ningekishika tumboni mpaka magurudumu yaguse. Nikasema:

"Mzee, siipendi hii piste leo. Hakuna watoto."

Kila mara watoto walikimbia kutulaki. Mzee hakuuliza zaidi. Alisukuma vishikio vya nguvu ya injini, tukapanda, tukarudi Kamembe na chumvi yetu yote. Mwenye mizigo alitukana mpaka akachoka. Hatukujua kamwe kama kulikuwa na kitu pale chini au watoto walikuwa wameenda kanisani. Mzee aliposhuka alinipiga begani mara moja, akaenda kutafuta chai.

Mvua zikarudi, na barua ya Kigali ikaja. Safari hii nilikwenda siku moja kabla, nikalala kwa binamu yangu, nikavaa koti lililopigwa pasi na Maman Aline mpaka likasimama lenyewe. Chumba kilekile. Watu walewale. Nilichukua kiti cha katikati.

"Tuambie juu yako."

Nilisema. Jina, Bukavu, Kadutu, shule, daraja, Kamembe, Mzee Bahati, chumvi na sabuni, udongo na majani. Nilikuwa naona mama wa miwani ananisikiliza. Nilijisifu kidogo ndani.

"Na kwa nini unataka kuacha kazi uliyo nayo?"

Jibu la hili nililiandaa vizuri kuliko yote. Nikaanza: "Nataka kuendelea katika taaluma yangu na kuchangia katika maendeleo ya..."

Aliinua mkono. "Hiyo umekariri. Kila mtu amekuja nayo leo. Nakuuliza wewe."

Nikasikia ile bariyeri ya zamani inashuka: usiongeze, usiongeze. Kujitayarisha kwangu kote kuliishia pale, hakukuwa na neno jingine lililokunjwa tayari. Lakini kinywa kilikuwa kimezoea kufunguka, miezi yote ile ya kuku na mawingu. Nikasema:

"Nimechoka."

"Na kuruka?" aliuliza rubani mkuu.

"Hapana. Kuruka napenda. Nimechoka kutua mahali ambapo sijui nani atakuja kwenye mlango. Nina mke anayeuza vitambaa. Ndege ikikawia haniulizi kitu nikirudi. Ananipa maji ya kuoga. Nimechoka na yale maji."

Yule mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akaifuta tena. "Mimi nilizaliwa Uvira, ng'ambo kama wewe," akasema, kama mtu anayeongea na miwani. Kisha akasema twendeni kwenye ndege.

Kwenye jaribio la kuruka nilisema nilichokiona kuanzia tunapowasha mpaka tunapozima. Rubani mkuu alinikatia injini moja bila kuniambia, na mkono wangu ulipokuwa unafanya kazi, kinywa kilikuwa kinamweleza. Tuliposhuka alisema tu, "Sasa najua nilikuwa na nani."

Walinipa kazi. Nilirudi Kamembe asubuhi ya siku ya pili, nikaenda moja kwa moja kiwanjani, koti bado mwilini, kwa sababu nilijua siku ile tulikuwa na safari ya ndani na Mzee. Nilimkuta anafunga magunia na kamba. Pembeni amesimama kijana mmoja wa Goma, rubani, mkoba begani, ambaye mwenye ndege alikuwa amemwita anishikie nafasi nikiwa safarini.

"Banakuchukua?" Mzee aliuliza kabla sijasema.

"Ndiyo, Mzee. Lakini naanza mwezi ujao. Leo naenda na wewe. Nibadilishe nguo tu."

"Hauendi."

"Mzee, kiti ni changu bado."

"Hauendi, mie nasema." Alikaza fundo kwa mguu. "Muntu mwenye kupata njia ya kutoka haingie tena mara moja ya mwisho. Hiyo moja ya mwisho njo inakulaga bantu. Kaa hapo na koti yako muzuri."

Alipanda. Yule wa Goma akapanda, akakaa kulia. Nilisimama kando ya piste, mahali ambapo miaka yote ile sikuwahi kusimama. Injini ya kushoto, injini ya kulia. Sauti yake ikoje ukiwa nje, sikuijua. Ndege ilikimbia ikawa ndogo, ikainuka juu ya nyumba, ikageuka upande wa ziwa, ikapita juu ya Bukavu kuelekea kwenye ile milima, ikawa nukta. Halafu pakawa mahali patupu ambapo ilikuwepo nukta, na mimi nikiwa bado natazama. Nilitaka kumwuliza mtu kitu, nikakuta hakuna wa kumwuliza.

Maman Aline alikuja nyuma yangu na furushi lake la vikwembe kichwani, alikuwa amesikia nimefika. Nilimwambia wamenichukua. Akasema "Asante Yesu," kwa sauti ndogo, lakini alikuwa anatazama kule nilikokuwa natazama mimi.

Tulibaki pale. Saa ambayo ndege ilipaswa kurudi ilifika, ikapita. Yeye alishusha furushi, akalikalia. Mimi nilizungukazunguka, nikavua koti, nikalivaa. Nilianza kusema kila kitu, mimi yule wa haya: labda mafuta, labda mvua Kahuzi, labda wamechelewa kushusha magunia, labda wamegeuka Goma. Yeye alikuwa amekaa tu, ameegemeza kidevu kwenye mkono, kama mtu aliye kazini.

Ilipotokea juu ya ziwa, yeye aliisikia kabla yangu. Aliinuka, akapangusa nguo, akanitazama usoni.

"Sasa njo unajua," akasema.

Akaweka furushi kichwani, akaenda kuuza.